Chama kikisema rais aondoke, Bunge lina kauli gani? ANC na Bunge la Afrika Kusini

*Swali: Mimi ni Mtanzania, naishi Durban na nafanya kazi hapa kwa kibali. Marehemu baba yangu alikuwa Morogoro na alituhadithia sana habari za wapigania uhuru wa ANC waliokuwa Mazimbu, kwa hiyo chama hiki nakijua tangu utotoni. Ninachoshindwa kuelewa ni nani mwenye kauli ya mwisho. Agosti 2017 Rais Jacob Zuma alipigiwa kura ya kutokuwa na imani Bungeni akashinda. Miezi sita baadaye akaondoka bila Bunge kupiga kura ya kumtoa. Wenzangu kazini wanasema hapa chama ndicho kila kitu: Luthuli House, makao makuu ya ANC, wakikaa usiku, asubuhi rais hayupo na sheria za wageni zimebadilika. Mmoja anabisha kuwa rais hang'oki mpaka theluthi mbili ya wabunge wakubali. Nani yuko sahihi? Na kwa kuwa sasa ANC ina wabunge 159 tu, je, nihofie kibali changu kila nikisikia kuna kikao?*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kwa pamoja: nani anaweza kumwondoa rais, na nani anaweza kubadilisha sheria inayokugusa wewe. Wenzako wanayachanganya, na hapo ndipo hofu inapozaliwa. Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Chama kinaweza kumfanya rais wake aondoke, na kimefanya hivyo mara mbili. Ila tangu uchaguzi wa 2024 hakiwezi tena kumweka mrithi wake bila kuomba kura za watu wengine. Na sheria haijawahi kubadilika kwa sababu ya kikao cha chama peke yake, hata enzi ANC ilipokuwa na wabunge 279 kati ya 400.

Tuanzie kwenye uchaguzi, maana Watanzania wengi hupotelea hapo. Nyumbani unapewa karatasi ya rais na karatasi ya mbunge. Afrika Kusini hakuna karatasi ya rais. Wananchi wanachagua Bunge la Taifa, na kwa mujibu wa ibara ya 86 ya Katiba, Bunge hilo ndilo linalomchagua rais kutoka miongoni mwa wabunge wake. Kikao cha kwanza lazima kifanyike ndani ya siku 14 tangu matokeo yatangazwe, na Jaji Mkuu ndiye anayesimamia kura hiyo. Juni 14, 2024 wabunge walikutana katika ukumbi wa mikutano wa Cape Town, kwa kuwa jengo la Bunge liliungua Januari 2022, wakampa Cyril Ramaphosa wa ANC kura 283 na Julius Malema wa chama cha upinzani cha EFF 44. Mbunge akishachaguliwa kuwa rais, ubunge wake unakoma palepale. Kwa hiyo rais wa huko hana kura milioni kadhaa za kujitetea nazo. Waliomweka ni wabunge, na wabunge ndio wenye uwezo wa kumtoa.

Sasa jiulize wabunge hao wamewekwa na nani. Ukitaka picha ya haraka, chukulia kwamba Bunge zima la watu 400 limeingia kwa njia ya viti maalum. Hakuna mbunge wa Umlazi wala wa Soweto aliyeshinda jimboni kwa jina lake. Chama kinapeleka orodha, wananchi wanapigia chama kura, viti vinagawanywa kwa uwiano, na majina yanaingia kwa kufuata orodha. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliamuru wagombea binafsi waruhusiwe, na 2024 walisimama kwa mara ya kwanza, lakini hakuna hata mmoja aliyepata kiti katika Bunge la Taifa.

Kinachofunga fundo ni ibara ya 47(3)(c): mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompendekeza, anapoteza ubunge, na chama kinajaza nafasi kutoka orodha yake. Katiba ya Tanzania nayo ina sharti la namna hiyo, ibara ya 71, lakini mbunge wa jimbo akifukuzwa chama huku kwetu unaitishwa uchaguzi mdogo na wananchi wanaulizwa upya. Kule hakuna wa kuulizwa. Kuanzia 2003 kulikuwa na kipindi maalum cha siku 15 ambacho mbunge aliweza kuhama chama na kiti chake. Mlango huo ulifungwa 2009 baada ya kuonekana kuwa wahamaji wengi walielekea kwenye chama tawala. Na usidhani hili ni la ANC pekee. MK, chama alichohamia Zuma mwenyewe baadaye, kiliwaondoa wabunge wake zaidi ya 10 mwezi Agosti 2024, miezi miwili tu baada ya kuapishwa.

Hapa ndipo historia aliyokusimulia baba yako inapoingia. ANC ilipigwa marufuku Aprili 1960 na kufunguliwa Februari 1990. Kwa miaka 30 iliishi kwa siri na uhamishoni, Morogoro ikiwa mojawapo ya vituo vyake vikubwa. Mkutano wa mashauriano wa 1969 ulifanyika huko. Chama kinachowindwa na majasusi hujifunza kujadiliana ndani, kuamua, kisha kutoka na sauti moja. Anayetoa tofauti nje anaonekana msaliti. Tabia hiyo iliingia Bungeni 1994 pamoja na wabunge 252, ikakutana na mfumo wa orodha uliokuwa kama umeshonwa kwa kipimo chake. Kwa maoni yangu mfumo wa orodha ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Nidhamu ya uhamishoni ingechakaa kwa miaka, kama orodha isingekuwepo kuipa meno.

Athari zake ziko kwenye kumbukumbu. Mwanzoni mwa 2001 Andrew Feinstein, aliyeongoza kundi la wabunge wa ANC katika kamati ya hesabu za serikali, aliondolewa nafasi hiyo alipotaka ununuzi wa silaha uchunguzwe hadi mwisho. Mwaka huohuo akajiuzulu ubunge. Mwaka 2017 Makhosi Khoza alisema hadharani kuwa Zuma aondoke, akavuliwa uenyekiti wa kamati yake, na alipojitoa chamani kiti nacho kikaenda. Machi 31, 2016 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba Bunge lenyewe lilivunja Katiba kwa kushindwa kumwajibisha rais katika suala la fedha za umma zilizotumika kwenye makazi yake ya Nkandla. Siku tano baadaye upinzani ulileta hoja ya kumwondoa. Ilianguka kwa kura 233 dhidi ya 143.

Twende sasa kwenye fumbo lako la 2017 na 2018.

Agosti 8, 2017 kura ilikuwa ya siri, baada ya Mahakama ya Katiba kusema Spika ana mamlaka ya kuamua hivyo. Waliotaka Zuma aondoke walikuwa 177, waliomlinda 198, na 9 hawakuegemea upande. Piga hesabu: vyama vyote visivyo ANC vilikuwa na wabunge 151. Maana yake angalau wabunge 26 wa ANC walimpigia rais wao kura ya kumkataa. Bado zilipungua 24 kufikia 201, yaani zaidi ya nusu ya wabunge 400.

Kwa nini wengine hawakuvuka? Hofu ni sehemu ya jibu, ila kura ilikuwa ya siri, kwa hiyo haitoshi. Soma ibara ya 102(2). Hoja ya kutokuwa na imani na rais ikipita, rais haondoki peke yake: mawaziri wote na naibu mawaziri wote wanalazimika kujiuzulu naye. Wengi wao ni wabunge na walikuwa wamekaa ukumbini humo wakipiga kura. Ukiongeza kwamba hoja ililetwa na upinzani, na kwamba mkutano mkuu wa chama ulikuwa umebakiza miezi minne tu, utaona kuwa hata mwana ANC aliyemchoka Zuma alikuwa na sababu ya kusubiri.

Desemba 2017, kwenye mkutano huo mkuu huko Nasrec, Johannesburg, Ramaphosa alimshinda Nkosazana Dlamini-Zuma kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261 akawa kiongozi wa chama. Kuanzia hapo nchi ilikuwa na rais mmoja na chama kilikuwa na mwingine. Februari 13, 2018 Halmashauri Kuu ya Taifa ya ANC ilimtaka Zuma ajiuzulu. Na hapa, ndugu yangu, ndipo wenzako wanapokosea. Uamuzi ule haukuwa na nguvu yoyote ya kisheria. Katiba haiitambui Halmashauri Kuu ya chama chochote. Zuma mwenyewe alilijua hilo, akaenda kwenye televisheni kuuliza kosa lake ni lipi. Kilichomwondoa ni hatua iliyofuata: wabunge wa ANC walitangaza kuwa kesho yake wataunga mkono hoja ya EFF ya kutokuwa na imani. Safari hii hesabu ilikuwa imekamilika kabla ya kura. Usiku wa Februari 14 akajiuzulu, na tarehe 15 Bunge likamchagua Ramaphosa. Kura ya kumtoa haikupigwa, lakini Bunge ndilo lililokuwa limeshika rungu. Thabo Mbeki, aliyekuwa rais kabla ya Zuma, alipoambiwa hivyohivyo na chama Septemba 20, 2008, alitii kesho yake, na ndiyo maana watu wengi hawakuliona rungu mara ya kwanza.

Kuhusu theluthi mbili, mwenzako amechanganya ibara mbili. Theluthi mbili, yaani kura 267, ni za ibara ya 89: kumwondoa rais kwa kuvunja Katiba au sheria vibaya sana, kwa utovu mkubwa wa maadili, au kwa kushindwa kazi. Njia hiyo inahitaji kosa au upungufu uthibitishwe, na rais akiondolewa kwa sababu mbili za mwanzo hapati mafao ya wadhifa huo wala haruhusiwi kushika wadhifa wa umma. Ibara ya 102 haihitaji kosa lolote. Inatosha wabunge 201 waseme hatuna imani naye. Viongozi waliobanwa hupenda kujiuzulu kabla ya zote mbili, na sasa unajua kwa nini.

Baada ya Mei 29, 2024 hesabu zikawa nyingine. ANC ilipata asilimia 40 na viti 159, DA 87, MK 58, EFF 39, IFP 17, na vilivyobaki vikaenda kwa vyama vidogo. ANC ikalazimika kuunda serikali ya umoja na DA na vyama vingine. Kwa kuwa kiti ni cha chama, hesabu hii haibadiliki mbunge mmojammoja akikasirika. Tazama inavyofanya kazi. Wasio ANC ni 241, wanazidi 201, kwa hiyo kwenye karatasi wanaweza kumwangusha rais wa ANC kesho. Ila hata DA, MK na EFF wakishikana, jambo ambalo sioni likitokea kwa urahisi, wanafika 184, zinapungua 17. Kwa upande wa theluthi mbili, hakuna anayefika 267 bila baadhi ya wabunge wa ANC, maana kura 134 zinatosha kuzuia na ANC inazo 159. Kwa hiyo chama bado ni ngao ya rais wake.

Kilichopotea ni kule kumrithisha. Tuseme Halmashauri Kuu inamwambia rais aondoke na anatii. Naibu Rais anakaimu, na ndani ya siku 30 Bunge lazima limchague mwingine. ANC inahitaji kura nyingine zipatazo 42 ikiwa wabunge wote wamehudhuria, na wenye kura hizo wataulizana: huyo mpya ni nani, na mkataba wetu wa serikali ya umoja anautambua? Bunge likishindwa kuchagua ndani ya siku hizo 30, kaimu rais analazimika kulivunja na nchi inarudi kwenye uchaguzi. Huo ni mwisho ambao chama chenye asilimia 40 hakiutamani. Mwaka 2008 na 2018 swali hilo halikuwepo kabisa. ANC iliteua na Bunge likapiga mhuri.

Ukitaka kujua lini uwe makini zaidi, angalia kalenda badala ya kusikiliza minong'ono. ANC huchagua viongozi kila miaka 5, mwezi Desemba, na uchaguzi wa nchi unakuja kama mwaka mmoja na nusu baadaye. Mbeki alishindwa chamani Desemba 2007 akaondolewa Septemba 2008. Zuma alimaliza muda chamani Desemba 2017 akaondoka Februari 2018. Wote wawili waliangukia kwenye pengo hilohilo, wakati chama kina mkuu mpya na Ikulu ina wa zamani. Mkutano ujao unatarajiwa mwishoni mwa 2027 na uchaguzi ni 2029. Pengo hilo ndilo mimi ningelitazama. Vikao vya katikati vina kelele nyingi kuliko matokeo.

Sasa sheria. Mkutano mkuu wa ANC ukipitisha azimio, azimio hilo ni sera ya chama. Ili liwe sheria lazima uandikwe muswada, uingie Bungeni, uende kamati, wananchi wasikilizwe, upigiwe kura wabunge zaidi ya nusu wakiwemo ukumbini, uende Baraza la Taifa la Majimbo, ambalo ni nyumba ya pili ya Bunge, kisha rais asaini, naye anaweza kuurudisha akiona una kasoro ya kikatiba. Bima ya afya ya taifa ni mfano mzuri wa mwendo huo. ANC iliazimia kwenye mkutano wake mkuu wa Polokwane mwaka 2007. Muswada uliingia Bungeni 2019, Bunge likaupitisha Juni 2023, Baraza la Majimbo Desemba 2023, rais akausaini Mei 15, 2024. Miaka 16 na ushee, na chama kilikuwa na wingi wa kura muda wote huo! Kuna azimio jingine lililogonga mwamba kabisa: kutwaa ardhi bila fidia kwa kubadilisha ibara ya 25 ya Katiba. Liliazimiwa Nasrec 2017. Desemba 7, 2021 kura zikawa 204 za ndiyo na 145 za hapana, wakati zilihitajika 267. Muswada ukafa.

Katika serikali hii ya ubia mambo ni magumu zaidi. Februari 2025 hotuba ya bajeti iliahirishwa siku yenyewe ya kusomwa, kwa sababu washirika walikataa kodi ya ongezeko la thamani ipande kutoka asilimia 15 hadi 17. Aprili 2 toleo laini zaidi, la kuanza na nyongeza ya nusu ya asilimia, likapita kwa kura 194 dhidi ya 182, DA ikiwa serikalini na ikipiga kura ya hapana. Kabla mwezi haujaisha ongezeko lilikuwa limefutwa, na bajeti ya tatu ikasomwa Mei 21. Kama chama kinashindwa kupandisha kodi kwa nusu ya asilimia, hakitabadilisha sheria ya uhamiaji kati ya usiku na asubuhi.

Lakini sitaki ulale fofofo, kwa sababu kibali chako kina mlango mwingine ambao haupiti Bungeni. Sheria ya Uhamiaji inampa Waziri wa Mambo ya Ndani mamlaka ya kutunga kanuni, kutoa misamaha na kuiondoa. Vibali maalum vya Wazimbabwe, watu wapatao 178,000, vilitaka kufutwa kwa uamuzi wa waziri, si kwa muswada. Mahakama Kuu ya Pretoria ndiyo iliyosema Juni 2023 kwamba uamuzi ule ulikuwa batili kwa kuwa walioathirika hawakushauriwa ipasavyo. Kwa hiyo mabadiliko yanayoweza kukufikia haraka ni ya waziri, na yanatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Fuatilia huko kwanza. Kwa miswada, fuatilia Kamati ya Bunge ya Mambo ya Ndani: vikao vyake viko wazi kwa umma, na Parliamentary Monitoring Group huweka kumbukumbu zake mtandaoni. Waraka wa sera, kama ule wa uraia, uhamiaji na wakimbizi uliotolewa Aprili 2024, ni nia ya serikali tu. Ukisomwa kwenye redio kama sheria, mtangazaji amekosea.

Kwa vitendo: ombi la kuongeza muda wa viza linatakiwa lipelekwe si chini ya siku 60 kabla haijaisha, na ukikataliwa una siku 10 za kazi tu kuomba uamuzi upitiwe upya, zikihesabiwa tangu upokee barua. Watu wengi hupoteza haki zao kwenye hizo siku 10 kuliko kwenye siasa zote nilizoeleza hapo juu. Ukipata barua ya kukataliwa, ukiambiwa jina lako limewekwa kwenye orodha ya wasiotakiwa, au kibali chako kikiwa cha aina ya msamaha badala ya viza ya kawaida, usitafute jibu kwenye makundi ya WhatsApp. Nenda na pasipoti, barua yenyewe na risiti za maombi yako kwa wakili wa uhamiaji aliyesajiliwa na Legal Practice Council, na kama huna uwezo wa kumlipa, Lawyers for Human Rights wana ofisi Durban.